Mtoeni Karanja Ndani

Winrose aliweka ugali mezani kwa kishindo, bakuli la sukuma likaruka. Mumewe hakuinua macho. Alikuwa ametandaza vifuniko vya soda juu ya kitambaa cha meza, vitano vyekundu na vitano vya bluu, akivisukuma kwa kidole kama mtu anayecheza drafti peke yake.

"Toa hivyo vitu tule."

"Ngoja kidogo, Mama Chepkosgei. Naangalia fainali."

"Fainali ni Jumamosi ijayo. Ugali ni sasa."

Mchana wa siku hiyo wavulana wa shule ya kutwa ya upande wa Lanet, ambako mumewe, Kigen, alifundisha jiografia na mpira wa kikapu, walikuwa wameshinda nusu fainali ya kaunti, arobaini na saba kwa arobaini na sita. Pointi ya mwisho ilipatikana baada ya mpira kugonga chuma mara tatu, ukafikiria, kisha ukaamua kuingia. Kigen alirudi nyumbani Kiamunyi akiimba. Winrose alirudi na daftari lake mkononi na kichwa kikimuuma.

Sasa alivuta kiti, akalifungua hilo daftari kando ya sahani.

"Leo tumeshika mpira mara sitini na tatu," alisema. "Mara arobaini na moja umepelekwa kwa Karanja, ndani, chini ya kikapu. Unajua amefunga mara ngapi?"

"Nyingi."

"Kumi na mbili. Amenyang'anywa mara kumi na nne. Watu watatu wanamrukia, na wenzake wanne wamesimama kama nguzo za stima, wanangoja waone itakuwaje."

"Karanja ana futi sita na inchi tano," Kigen alisema kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. "Ukiwa na mtu kama huyo unampa mpira. Hiyo haihitaji daftari."

"Na ulinzi? Mtu akishampita Mbugua, anatembea mpaka kwa kikapu kama anaenda dukani. Hakuna anayemsaidia."

"Kila mtu na mtu wake. Ndiyo ulinzi wa kiume huo. Ukianza kusaidia, unamwacha wako wazi."

"Kigen, nimekwambia hii maneno tangu mwaka juzi."

"Na tangu mwaka juzi tumefika nusu fainali kila mwaka."

"Tukapigwa mwaka juzi na mwaka jana!"

Binti yao, Chepkosgei, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, alinyoosha mkono akachukua kifuniko kimoja chekundu kilichokuwa karibu na sukuma. "Huyu ni nani, Baba?"

"Kipngeno."

"Anafanya nini hapa kwa pembe?"

Kigen alitafakari. "Anangoja."

Chepkosgei alimtazama mama yake, wote wawili wakaguna. Kigen aliona amesalitiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alivikusanya vifuniko vyake, akala. Alipomaliza alisema jambo moja tu: "Wewe uandike pointi. Mbinu niachie mimi."

Winrose alikuwa amecheza kikapu chuoni, mlinzi mfupi mwenye macho mgongoni, na sasa alikuwa karani wa mafaili hospitalini. Kwa miaka mitatu alikuwa ameandikia timu hiyo hesabu zake bila malipo na bila kuulizwa maoni. Aliosha vyombo siku hiyo kwa nguvu zaidi kuliko vilivyohitaji.

*

Jumatano alipita uwanjani kuchukua orodha ya majina. Uwanja ulikuwa wa saruji iliyopasuka, na vumbi la Machi lilikuwa limefuta mistari yote. Mwalimu mkuu, Bwana Nderitu, alikuwa amesimama pembeni na mikono nyuma, na wavulana kumi na wawili walikuwa wamejipanga mbele yake kama watu wanaohukumiwa.

"Mimi sitaki hadithi," Nderitu alikuwa akisema, akimwangalia Kigen ingawa alikuwa akizungumza na wavulana. "Kuna kijana ameniandikia, ana cheti, ana video. Anataka kazi hii. Tukipoteza Jumamosi, mwalimu atapumzika, tumpatie kijana nafasi. Kupoteza hata mimi naweza kufundisha."

Wavulana walitazama viatu vyao. Masikio ya Kigen yaliwaka. Nderitu alipoondoka, kocha alibaki ameshika mpira kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Winrose alikosea wakati. Alimsogelea akasema polepole, ili wavulana wasisikie, "Bado tuna siku tatu. Jaribu tu kumtoa Karanja nje, uone."

"Mama!" Kigen alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye madarasa. "Kaa na kalamu yako! Kama ni ukocha unataka, nenda ukatafute timu yako!"

Mbugua, mvulana mdogo kuliko wote katika timu na mwepesi kuliko wote, alijifanya anafunga kamba za viatu. Karanja aligeuka akaangalia mlima Menengai kana kwamba hajawahi kuuona.

Winrose alichukua fomu ya mashindano, yenye orodha ya majina aliyoijia, kutoka kwenye benchi. Palikuwa na mstari mtupu, "Kocha Msaidizi", na chini yake maandishi madogo yaliyosema fomu isiyojazwa yote haitapokelewa.

"Hapa niandike nani?" aliuliza.

"Jiandike wewe. Ni fomu tu," Kigen alisema, akapuliza filimbi.

*

Jumamosi uwanja wa mjini ulijaa hadi watu wakapanda juu ya ukuta. Wapinzani walitoka upande wa Naivasha. Hawakuwa warefu, ila walikimbia kama watu wanaodaiwa, na walikuwa wametazama nusu fainali. Kila mpira ulipomfikia Karanja, walimfunika watatu. Kila Mbugua alipopitwa, kulikuwa na kikapu.

"Mpe Karanja!" Kigen alipiga kelele. "Mpe Karanja tu!"

Wakampa Karanja. Karanja akapokonywa. Kumi na mbili kwa ishirini. Kumi na tano kwa ishirini na saba.

Katika robo ya pili Kigen aliipiga chupa ya maji teke, ikamlowesha mwandishi wa mezani. Refa akampa faulo ya nidhamu. Winrose alimvuta koti. "Kaa chini. Ukipata nyingine unatoka."

"Niache."

Zikiwa zimebaki dakika mbili kabla ya mapumziko, Karanja aliangushwa na filimbi haikulia. Kigen aliingia uwanjani hatua nne nzima. "Refa! Uza hiyo filimbi ununue miwani!"

Umati ulicheka. Refa hakucheka. Aliunganisha mikono yake kwa ishara ya faulo ya pili, kisha akaonyesha lango. Kigen alisimama pale akitumaini ni mtu mwingine. Askari wawili walimsindikiza, mmoja akimpa pole njia nzima, jambo lililomkera zaidi. Lango la mabati likafungwa nyuma yake.

"Kocha msaidizi ni nani?" mwandishi wa mezani aliuliza, akifuta fomu iliyolowa.

Winrose aligeuka nyuma kuangalia anayeitwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

*

Kumi na tisa kwa thelathini na tatu. Wavulana walikaa katika kivuli cha ukuta, vichwa chini. Winrose aliweka mkoba wake juu ya benchi. Alisema kwa ukali zaidi kuliko alivyotaka.

"Simameni. Karanja, njoo hapa." Alimpeleka hadi mbali na kikapu, kwenye mstari wa kutupia faulo. "Kuanzia sasa nyumba yako ni hapa. Ndani usiingie mpaka nikuambie."

"Lakini mathe, mimi ndiye mrefu."

"Ndiyo maana. Ukikaa ndani, mrefu wao anakaa ndani na wewe, na wafupi wawili wanakuja kumsaidia. Ukitoka, lazima akufuate. Sasa kule ndani atabaki nani?"

Karanja aliangalia lile eneo chini ya kikapu. Lilikuwa tupu. "Hakuna mtu," alisema.

"Hakuna mtu. Mbugua, ukishampa Karanja mpira, usisimame kuangalia. Kata nyuma ya mtu wako, ingia hapo. Ukikosa, Kipngeno anaingia kutoka pembeni. Karanja, wewe kazi yako ni kuona nani amefika."

Kipngeno, ambaye kwa misimu miwili kazi yake ilikuwa kungoja, aliinua mkono kama yuko darasani. "Mimi pia naingia?"

"Wewe pia una miguu. Sasa ulinzi. Mtu akimpita Mbugua, nyinyi wengine mnafanya nini?"

"Kila mtu na wake," wavulana walijibu pamoja.

"Hapo ndipo mnapoliwa. Mpira ukiwa kulia, nyinyi wa kushoto sogeeni mpaka katikati. Watu wenu wako mbali, mpira hauwezi kuwafikia kabla yenu. Mtu akipenya, aliye karibu amzibe. Yule aliyeachwa wazi achukuliwe na anayefuata, na wake achukuliwe na mwingine. Mmoja akihama, wote mnahama."

"Na tukikosea?" Mbugua aliuliza.

"Mtakosea. Lakini koseeni mkikimbia, si mkisimama."

Na walikosea. Mara ya kwanza Mbugua na Kipngeno waliingia ndani pamoja wakagongana. Mara ya pili Karanja alimpa mpira mtu wa Naivasha. Kumi na tisa kwa thelathini na saba. Kutoka kwa wazazi sauti ikapaa: "Huyo mama ni nani? Karanja anafanya nini huko nje?"

Nderitu mwenyewe alishuka hadi kwenye benchi, tai imelegea. "Mama, tafadhali. Mrudishe Karanja ndani. Hata mimi naona."

"Mwalimu, refa akikukuta hapa tutapigwa faulo ya tatu," Winrose alisema bila kugeuka. "Rudi ukae."

Nderitu alirudi akakaa. Hakuwa ameambiwa hivyo tangu alipokuwa kidato cha pili.

Nje ya lango, Kigen alikuwa amejaribu tundu la ufunguo, akaona mgongo wa mtu. Kijana wa bodaboda alikuwa amesimama juu ya kiti cha pikipiki yake, kichwa juu ya ukuta.

"Boss, mrefu wenu ametoka nje," kijana alitangaza.

"Ametoka nje? Ameumia?"

"Hapana. Amesimama tu mbali na kikapu."

Kigen alishika kichwa. "Mungu wangu! Amenimalizia timu!"

Ndani kukatokea mlio. Kisha mwingine.

"Nini? Ni nani amefunga?"

"Yule mfupi wenu. Alikuwa peke yake kabisa. Haiya, tena! Huyu wa pembeni naye!" Kijana alianza kurukaruka juu ya kiti. "Boss, hao wengine hawajui wamshike nani!"

Kigen hakuvumilia. Alipanda juu ya pikipiki kwa suruali yake ya Jumapili, akamshika kijana bega. Alichokiona hakukiamini. Wavulana wake, wale wale aliowapigia filimbi tangu Januari, walikuwa wakisogea wote watano pamoja. Mpira ukienda kulia, wanasogea. Ukirudi kushoto, wanarudi. Karanja aliushika mpira juu ya kichwa chake, mbali, mahali ambapo hakuna wa kumfikia, akichagua kama mtu anayenunua nyanya. Kigen alipiga ngumi juu ya ukuta kwa furaha. Na chini ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kichungu: kila kitu alichokuwa akikiona alikuwa amekisikia mezani kwake, akakisukuma kando kwa kidole.

Sekunde tisa zilibaki, hamsini na nne kwa hamsini na mbili, mpira ukiwa wa Naivasha. Mfungaji wao alimpita Mbugua. Karanja alimwacha mtu wake akasimama mbele ya mpira, mikono juu. Mfungaji akautupa pembeni, kwa aliyeachwa. Lakini Kipngeno alikuwa tayari ameanza safari, na alipofika, mpira ulimgusa ncha za vidole ukatoka nje, na filimbi ya mwisho ikalia.

*

Lango lilifunguliwa, na wa kwanza kumfikia Kigen alikuwa Nderitu, amefungua mikono kama mchungaji.

"Kocha! Kumbe ulikuwa umeficha mbinu! Umewasubiri mpaka nusu ya pili! Ulimwachia mama maagizo, sivyo?"

Mzazi mmoja alikuwa ameinua simu, akirekodi kwa ajili ya kundi la shule. Watu walikuwa wakimpiga Kigen mgongoni. Winrose alikuwa hatua tatu kutoka pale, akikusanya fulana zilizolowa jasho. Mbugua na Karanja walisimama karibu naye, wakingoja.

Kigen alifungua kinywa. Jibu lilikuwa moja na lilikuwa fupi. Aliitazama ile simu.

"Tulikuwa tumejipanga," alisema.

Winrose alikunja fulana ya mwisho, akaiweka ndani ya mfuko, akampa Mbugua mfuko huo. Kisha akatembea kwenda nyumbani peke yake.

*

"Ulitaka niseme nini mbele ya watu wote wale?" Kigen aliuliza. Hiyo ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, na alikuwa akiliuliza kwa mara ya tatu.

Winrose alikuwa akichambua maharagwe. "Sijui. Wewe ndiye mwalimu."

"Kazi yangu ilikuwa hatarini. Unajua yule Nderitu."

"Najua. Ndiyo maana nilisimama pale nikatukanwa na wazazi wa watu kwa ajili ya kazi yako." Alitupa jiwe moja uani. "Uliponifokea Jumatano, nilisema ni hasira. Ulipofukuzwa, nilisema ni ujinga. Lakini jana uliulizwa swali, Kigen. Ulikuwa na utulivu, hakuna aliyekuudhi, na ukachagua."

"Baba, hiyo video iko kila mahali," Chepkosgei alisema kutoka mlangoni. "Wameandika 'Kocha Mwenye Akili'."

"Wewe nenda huko!" Kigen alifoka. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Jumatatu Winrose hakuja mazoezini. Kigen aliwapanga wavulana mwenyewe. Mashindano ya Bonde la Ufa yalikuwa baada ya wiki mbili.

"Haya. Mpira uko kulia. Kipngeno, wewe unakwenda... unakwenda hapa."

"Kocha, mathe alisema hapo ni pa Karanja," Kipngeno alisema kwa heshima.

"Sawa. Karanja hapo. Na akipitwa, wewe unamfuata nani?"

"Sisi tulikuwa tunataka kukuuliza wewe," Mbugua alisema.

Walijaribu mara nane. Mara nane mtu aliachwa wazi. Kigen alichora kwa chaki, akafuta, akachora tena, akamfokea Kipngeno kwa kosa ambalo, alipoitazama michoro yake, aliliona ni lake. Mwishowe Karanja, ambaye alizungumza mara chache, alisema, "Mwalimu, si umpigie tu?"

Hakumpigia. Alijua simu isingeshikwa. Asubuhi ya Jumanne, kabla ya kipindi chake cha kwanza, alikwenda hospitalini akasimama kwenye foleni ya mafaili, nyuma ya mzee mwenye kikohozi na mama mwenye watoto mapacha. Winrose alimwona kupitia dirisha. Hakuharakisha.

"Faili ya nani?" aliuliza Kigen alipofika mbele.

"Winrose."

"Nambari?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

Mama mwenye mapacha, aliyekuwa bado anakunja karatasi zake, alisita ili asikie vizuri.

"Hapa ni mafaili tu," Winrose alisema. "Ulinifokea uwanjani, na ulininyamazia uwanjani. Huku dirishani unanifuata nifanye nini? Anayefuata!"

"Boss, songa," akasema mtu nyuma yake.

*

Alhamisi Nderitu alikuja mazoezini na wanakamati watatu wa wazazi, kuwaonyesha mabingwa. Winrose alikuwepo pia. Chepkosgei alikuwa amemleta kwa ujumbe kwamba baba ana jambo, na Winrose alisimama karibu na lango, mkoba begani, tayari kuondoka.

Kigen alipuliza filimbi. Wavulana wakajipanga. Alijaribu kuanza, akakohoa, akaanza tena.

"Mwalimu mkuu, Jumamosi uliniuliza kama nilimwachia mama maagizo. Sikumwachia. Maagizo yangu yalikuwa mpira apewe Karanja, na mliona yalitufikisha wapi. Yeye aliniambia tangu mwaka juzi. Nilikataa. Jumatano ya wiki iliyopita nilimfokea hapa hapa, mbele ya hawa watoto. Mechi ile ni yake."

Mwanakamati mmoja akaangalia saa.

"Kumbe," Nderitu alisema hatimaye. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa ofisi, akaongeza, "Lakini mama hana cheti."

"Changu ni cha mwaka tisini na nane," Kigen alisema. "Atasoma apate chake. Mpaka wakati huo, kwa fomu mimi ni kocha. Hapa uwanjani, mimi ni msaidizi. Kama haiwezekani, mpe kazi yule kijana wa video."

Nderitu aliwatazama wanakamati. Wanakamati wakamtazama Winrose, aliyekuwa amekunja mikono. Hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyeharibu timu wiki moja na nusu kabla ya Bonde la Ufa. "Endeleeni tu," Nderitu alisema, kama mtu aliyetoa ruhusa.

Winrose hakutabasamu. Alikuja taratibu, akaweka mkoba wake chini, akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Hakuwa amemsamehe, na alitaka alijue hilo.

"Mmeshafanya nini tangu Jumatatu?" aliwauliza wavulana.

"Tumechanganyikiwa," Mbugua alisema.

"Haya. Watano washambulie, wanne walinde. Nani atakuwa mlinzi wa tano?"

Kabla Kipngeno hajainuka, Kigen alikuwa amevua koti lake na kumpa Winrose filimbi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na goti moja lilikuwa limegoma tangu mvua ya mwaka jana. Aliinama, akapanua mikono, akamwangalia Mbugua aliyekuwa mbele yake, upande wa kushoto. Mpira ulienda kulia. Kigen alimganda Mbugua kama kupe. Na yule mwenye mpira akapenya katikati, hapakuwa na mtu, akafunga bila hata kuruka.

Winrose alipuliza.

"Mpira ulikuwa wapi?"

"Kulia," Kigen alijibu, akihema.

"Na wewe ulitakiwa kuwa wapi?"

"Katikati."

"Basi huko unafanya nini?"

Karanja aliziba mdomo kwa fulana yake. Wanakamati waliinamisha vichwa. Jasho lilikuwa limefunika miwani ya Kigen hata asione kikapu, na alilifuta kwa kiganja, likazidi kuenea.

"Tena," Winrose alisema.

Kigen akarudi mahali pake.